Mazoezi ya misuli ya uso: yanasaidia nani, na wakati gani?



Siku hizi ukifungua telefone, hauchelewi kukutana na video ya mutu mwenye anavimbisha mashavu, anatoa ulimi, anasukuma kidevu mbele, kisha anasema: "Fanya hivi dakika tano kila asubui. Nyuma ya mwezi moja uso utakaza, mafuta ya chini ya kidevu yataisha." Wamoja wanaomba pesa kidogo kusudi wakutumie programu yote. Wengine wanauzisha kampira ka kutafuna, eti ka kukomalisha taya. Na sisi wenye tuko tunasaka kazi, wenye tunabandika foto ku dosiye na kuitwa kuulizwa maswali mbele ya wakubwa, ile maneno inatugusa. Uso njo kitu cha kwanza chenye mutu anaona.

Leo tujaribu kulijibu jambo hili kisomi. Je, misuli ya uso inaweza kupata nguvu kwa mazoezi sawa vile misuli ya mukono? Jibu ni ndiyo, inaweza. Lakini kwa urembo faida ni ndogo kuliko vile wanatuambia. Na kuko hali moja yenye ile mazoezi inakuwa kazi ya maana sana, hali yenye inaweza kumupata kijana wa miaka 22 sawa vile muzee wa miaka 70. Ile hali, video za urembo haziigusi, na kwetu watu wengi wanaipeleka fasi haifai.

Misuli ya uso haiko sawa na ingine

Musuli wa mukono umeshikamana na mufupa pande zote mbili. Ukiinua ndoo ya maji, musuli unavuta mufupa na mukono unakunjika. Uso haufanyi vile. Misuli yake mingi inaanzia ku mufupa na kuishia ndani ya ngozi yenyewe. Ule wenye kuzunguka mudomo karibu hauna mufupa wa kushikilia. Njo maana ukicheka ngozi inakunjamana, na ukikasirika kipaji cha uso kinaonyesha mistari mbele hata haujasema neno.

Kuko karibu misuli 20 kila upande wa uso, na yote inapokea amri kwa mushipa moja wa fahamu: neva ya uso. Ni neva ya saba kati ya zile jozi 12 zenye zinatoka ku ubongo. Inapita ndani ya mufupa wa nyuma ya sikio, katika kanjia kembamba sana. Kisha kutoka pale inagawanyika matawi: kwenda ku kipaji, ku macho, ku mashavu, ku mudomo na taya, na ku shingo. Mukumbuke ile kanjia kembamba, juu njo kanaleta shida yenye tutaeleza. Misuli ya kutafuna, yenyewe, ni kundi ingine: inavuta taya, na inapata amri kwa neva ya tano.

Je, ile misuli midogo inaweza kuzoezwa? Waulize wapiga-tarumbeta wa fanfare. Mwenye kuacha tarumbeta miezi miwili anarudilia na midomo yenye kuchoka haraka. Akipiga kila siku, nguvu inarudi kidogo kidogo. Hata musuli wa ndani ya shavu, wanaanatomia waliuita buksinata, jina lenye kutoka ku Kilatini na lenye maana ya mupiga-tarumbeta. Kwa hiyo mwenye kusema "misuli ya uso haikomaake" anakosea. Swali ni hili: ikikomaa, uso unabadilika namna gani?

Kile kilichopimwa kweli

Katika mwezi wa kwanza wa mwaka 2018, waganga wa Iniversite ya Northwestern, ku Chicago, walichapisha utafiti moja juu ya jambo hili. Njo ule wauzaji wengi wanatumia kama ushahidi, basi tuusome pamoja.

Walichukua wanawake 27 wenye umri wa miaka 40 mupaka 65. Waliwafundisha mazoezi ya uso, kisha kila moja akayafanya nyumbani: dakika 30 kila siku kwa juma 8 za kwanza, halafu siku moja ndiyo siku moja hapana mupaka juma la 20. Waganga wenye hawakujua foto ni ya mbele ao ya nyuma walikadiria umri wa kila mwanamuke. Mwanzoni walikadiria miaka 50.8 kwa wastani, mwishoni 48.1. Ni karibu miaka tatu kupungua. Wauzaji wanafikia hapo na kufunga kitabu.

Sisi wenye tulifundishwa metode ya utafiti ku iniversite tuendelee kusoma. Kati ya wale 27, waliofika mwisho ni 16 tu. Hakukuwa kundi ingine la kulinganisha, la watu wenye hawakufanya mazoezi. Kati ya alama karibu 20 za uso zenye zilipimwa, mbili njo zilibadilika waziwazi: ujazo wa shavu la juu na wa shavu la chini. Mikunjo ya kipaji na ngozi ya shingo haikuonyesha ushindi ule. Wenyewe watafiti waliandika kama inaomba utafiti mukubwa zaidi. Na hakuna hata moja wao alikuwa na miaka 25.

Kwa hiyo, mutu wa miaka 50 mwenye mashavu yameanza kuingia ndani anaweza kupata faida kidogo, akikubali nusu saa kila siku kwa miezi. Kijana mwenye mashavu yangali yamejaa, ule utafiti haumuambii kitu.

Tuongeze mambo matatu yenye wauzaji hawaelezi. La kwanza: mafuta ya chini ya kidevu ni mafuta, hayako musuli. Kusogeza musuli wa fasi moja hakuchomi mafuta ya fasi ile. La pili: mikunjo ya kipaji na ya pembeni ya macho inatokea kwa sehemu juu ya kukunja ile ngozi mara elfu na elfu, na juu ya jua. Ile sindano ya botoksi, yenye matajiri wanajidunga kusudi mikunjo iishe, inafanya kazi kwa kulegeza misuli. Inapunguza mwendo, haiongezi. Sasa mutu mwenye anakukunjisha kipaji mara mia kwa siku eti kusudi mikunjo iishe, umuulize vizuri. La tatu: kale kampira ka kutafuna kanakomalisha musuli wa taya kweli, lakini kanaweza pia kuchosha kiungo cha taya, kile cha mbele ya sikio. Mutu anatafuta taya ya nguvu, anapata maumivu ya kufungua mudomo.

Pale mazoezi yanakuwa sehemu ya matunzo

Tufike sasa ku ile hali. Mutu analala muzima. Asubui anaenda kusukutua mudomo, maji inatoka pembeni. Anajiangalia mu kioo: mudomo umevutwa upande moja, jicho la upande ingine halifungiki, kipaji cha upande ule kimekuwa laini kama cha mutoto. Wakati ingine alisikia maumivu nyuma ya sikio siku moja mbele, ao chakula kimepoteza ladha.

Kwetu, neno la kwanza lenye linasikilika mara mingi ni: "Balimuloga." Ao: "Pepo ilimupiga kofi." Kisha safari inaanza, chumba cha maombi huku, mwenye dawa za kuchanja kule. Juma mbili zinapita. Kuomba hakukatazwi na hakuna mwenye anakukataza kuomba. Lakini kuko saa yenye inapita, na ile saa hairudi.

Ugonjwa ule unajulikana tangu zamani. Unaitwa kupooza kwa Bell, juu ya Charles Bell, munganga mupasuaji wa Scotland mwenye alieleza kazi ya neva za uso mwaka 1821. Kila mwaka unapata karibu watu 20 mupaka 30 kati ya watu 100 000. Neva ya saba inavimba ndani ya ile kanjia kembamba ka mufupa. Juu fasi ya kupanuka hakuna, inajibana yenyewe na amri haifiki tena ku misuli. Waganga wengi wanafikiri kama mara mingi ni virusi yenye ililala ndani ya mwili, kama ile ya malengelenge ya mudomo, njo inaamuka. Misuli yenyewe haina ugonjwa. Ni kama taa yenye haiwaki juu waya imekatika: kubadilisha ampule hakutasaidia.

Mwaka 2007 utafiti mukubwa ulichapishwa kutoka Scotland, na wagonjwa zaidi ya 500. Wote walianza dawa mbele ya saa 72 kupita. Wale waliopewa predinisoloni, nyuma ya miezi mitatu 83 kati ya 100 walikuwa wamepona kabisa. Kwa wale wenye hawakuipewa, 64 kati ya 100. Nyuma ya miezi tisa ilikuwa 94 upande moja na 82 upande ingine. Muone mambo mawili. Moja: wengi wanapona hata bila dawa, na njo maana kila mutu mwenye aliwapaka kitu anasema "mimi njo nilimuponya". Mbili: kati ya wagonjwa 100, kuko 12 wenye uso wao ulirudi juu tu ya ile dawa. Wewe haujui kama uko katika wale 12.

Predinisoloni ni dawa ya zamani, ya bei ya chini, na iko ku liste ya dawa za lazima za OMS. Lakini usikimbie ku farmasi kuinunua wewe peke. Inapandisha sukari ku mwenye ugonjwa wa sukari, na inaweza kuwa hatari kwa mwenye kifua kikuu ao kidonda cha tumbo. Munganga anapaswa kukuangalia kwanza. Anaweza kutafuta vipele ndani ya sikio, na kukuomba kipimo cha damu, pamoja na cha VIH, juu neva ya uso inaweza kupooza kwa sababu zaidi ya moja.

Kuko pia jambo lenye halingojei hata saa moja: AVC. Mara mingi katika AVC upande wa chini wa uso unalegea lakini kipaji kinaendelea kukunjika. Katika kupooza kwa Bell, kipaji nacho kinalala. Ile ni alama yenye inasaidia munganga. Wewe nyumbani usijifanye mwenye kuamua. Ukiona uso umelegea pamoja na mukono ao muguu wenye hauna nguvu, ao maneno yenye haieleweki, peleka mutu hopitali mara moja, hata kama ni usiku.

Jicho kwanza, mazoezi nyuma

Mutu mwenye uso umepooza anafikiria mudomo, juu njo wenye watu wanaangalia. Munganga anafikiria jicho. Jicho lenye halifungiki linakauka, vumbi inaingia, na kioo cha jicho kinaweza kupata kidonda chenye kinapunguza kuona kwa maisha yote. Muchana: matone ya machozi ya bandia na miwani. Usiku: mafuta ya jicho yenye munganga alitoa, na kufunga kope polepole kwa plasta ya hopitali. Hilo linapita mazoezi yote.

Kisha njo mazoezi yanakuja. Tuseme wazi: hayako dawa ya kuponyesha neva. Utafiti juu yao ungali mudogo, lakini wenye walikusanya matokeo yote waliona kama mazoezi yenye kupangwa kwa kila mugonjwa yanaweza kusaidia, zaidi sana wale wenye walipooza sana ao wenye ugonjwa umekawia. Kazi yake ni kufundisha ubongo na misuli kuelewana tena, wakati neva inarudi. Na neva inarudi polepole: ikikatika ndani, inaota karibu milimetre moja kwa siku.

Njo maana hapa kanuni ni kinyume cha ile ya salle ya mazoezi ya mwili. Ku kuinua vyuma, mwenye kutoa jasho njo anashinda. Ku uso wenye umepooza, mwenye kulazimisha njo anajiharibu. Neva yenye inaota inaweza kupotea njia: tawi lenye lilipaswa kwenda ku mudomo linaenda ku jicho. Siku mutu anacheka, jicho linajifunga lenyewe. Kulazimisha uso kwa nguvu zote, kutafuna shingamu siku nzima, ao kujipiga na kale kamashini ka umeme kenye kanauzishwa, hakuharakishi kitu, na wanakine wengi wanaogopa kama kunazidisha ile mitikisiko ya kuchanganyikiwa.

Mazoezi yenyewe ni haya, na inafaa mwanakine akuonyeshe mara ya kwanza. Kaa mbele ya kioo, fasi ya utulivu, mara mbili ao tatu kwa siku, dakika chache tu. Kila mwendo mara tatu mupaka tano, polepole.

Kwanza pasha uso: kwa vidole safi, pangusa kutoka ku kidevu kupanda ku sikio, na kutoka kati ya kipaji kwenda pembeni. Usivute ngozi.

Ya pili, kipaji: inua nyushi kidogo kama mutu mwenye kushangaa. Upande wenye kulala, usaidie na kidole.

Ya tatu, jicho: angalia chini kwanza, kisha funga macho yote mawili bila kufinya. Kuangalia chini kunasaidia kope kushuka.

Ya ine, pua: ikunje kama mutu mwenye kusikia harufu mbaya.

Ya tano, mudomo: cheka kidogo na midomo yenye kufungwa. Hapa upande muzima utataka kukimbia na kuvuta yote. Uzuie na kidole, kusudi pande zote zitembee sawasawa. Mucheko mudogo wenye uko sawa ni bora kuliko mukubwa wenye kupinda.

Ya sita, sauti: sema "pa, ba, ma", kisha maneno kama "papa", "bibi", "pombe", "mupaka". Zile sauti zinaomba midomo ifungane, na ni mazoezi yenye unaweza kufanya hata ukisoma kitabu kwa sauti.

Ukiona mudomo unatembea na jicho linajifunga pamoja nao, simama hapo, punguza mwendo mupaka jicho litulie. Na kama juma tatu zimepita bila mwendo wowote kurudi, rudi kwa munganga. Usingojee mwaka.

Mutu nyuma ya uso

Kuko maumivu ingine yenye predinisoloni haigusi. Mwenye uso umepinda anaacha kwenda ku iniversite. Anajibu telefone lakini hafungui kamera. Anaahirisha siku ya kutetea memware yake. Anakataa kwenda kuulizwa maswali ya kazi juu anaogopa watafikiri amelewa. Na wenzake, wenye wangepaswa kumusindikiza, wanasema chini chini kama kuna mutu wa familia alimufanyia kitu. Familia zinavunjika juu ya neva yenye ilivimba.

Muangalie mufano moja wenye dunia ilishuhudia. Jean Chrétien, mwanasiasa wa Kanada, alipooza upande moja wa uso akingali kijana na haukurudi wote. Alisema maisha yake yote na mudomo wenye kuvutwa pembeni. Katika kampanye ya uchaguzi ya mwaka 1993, wapinzani wake walipitisha ku televizyo tangazo lenye kuonyesha uso wake ule. Watu wa Kanada walikasirika, hata katika chama chenye kulitoa, na tangazo likaondolewa. Chama kile, chenye kilikuwa ku utawala, kilitoka ku ule uchaguzi na viti 2 tu, juu ya ile na juu ya mambo ingine mingi. Chrétien alikuwa waziri mukuu mupaka 2003.

Kwa hiyo, ndugu, ukitaka kufanya mazoezi ya uso juu ya urembo, fanya. Hayatakuua, na telefone yako ni yako. Usilipe tu pesa ya staje juu ya ahadi yenye haijapimwa kwa mutu wa umri wako. Lakini hii ingine, iweke ku kichwa na umufundishe mama, dada na jirani: uso ukipinda ghafula, ni hopitali siku ile ile, jicho lilindwe usiku ule ule, na mazoezi ya polepole nyuma. Na mwenzako akipatwa, usimuulize nani alimuloga. Muulize kama saa 72 zingali hazijapita, kisha muchukue ku moto muende.